Ngome ya Mombasa na Wanaopekua Habari Zake

Kwa muda mrefu watu wa Mji wa Kale wa Mombasa hawakuwa na haja ya kuliita jengo lile kubwa la mawe kwa jina walilolipa Wareno. Waliliita Ngomeni, au Gereza. Jina hili la pili lataka maelezo kidogo. Wanavyuoni wa lugha husema kwamba neno gereza lilitokana na neno la Kireno igreja, maana yake kanisa. Ndani ya ngome lilikuwamo kanisa. Wareno wakaenda zao, neno likabaki, likawa jina la ngome yenyewe, kisha likawa jina la kila nyumba ya wafungwa, hata bara ambako watu hawajaiona bahari. Na toka mwaka 1895 hata mwaka 1958 Ngome ya Yesu ilikuwa gereza hasa, na waliojua hali ya ndani yake ni askari jela na wafungwa tu. Mtoto aliyezaliwa karibu na ukuta ule aliweza kukua, kuoa na kuzeeka pasipo kujua ndani mna nini, isipokuwa ametenda kosa.

Tarehe 24 Oktoba, 1958, ngome ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Wakfu wa Gulbenkian wa huko Ureno ulitoa paundi 30,000 kwa kazi ya kuitengeneza. Vyumba vya wafungwa vikabomolewa, na mnamo 1960 ikafunguliwa nyumba ya makumbusho. Kazi ya kuchimbua alipewa Bwana James Kirkman, ambaye toka mwaka 1948 alikuwa akiyafukua magofu ya Gedi karibu na Malindi. Mwaka ule ule wa 1960 kilitolewa kitabu cha wanavyuoni wawili juu ya ngome na Wareno wa Mombasa. Mmoja alikuwa Profesa Charles Boxer, Mwingereza aliyezijua vema karatasi za Kireno. Wa pili alikuwa Carlos de Azevedo, Mreno, aliyekuwa bingwa wa majengo. Kirkman mwenyewe alitoa kitabu chake juu ya machimbo ya ngome katika mwaka 1974.

Watu hawa watatu walikuwa kama wazee waliokaa barazani kulisikiliza shauri moja, kila mmoja na shahidi wake. Boxer alileta karatasi, Azevedo akaleta ukuta, Kirkman akaleta udongo. Wala mashahidi hao hawakupatana sikuzote, na hapo ndipo utamu wa habari ulipo.

Mwenye karatasi huanza kwa kuuliza: Nani aliyeandika haya, alimwandikia nani, naye alitaka nini? Kapiteni wa Mombasa alipompelekea barua mjumbe wa mfalme aliyekaa Goa, mara nyingi alikuwa akiomba fedha na askari, au akijitetea kwa jambo lililoharibika. Mtu wa namna hiyo hasemi uongo kila neno, lakini hupunguza hapa na kuongeza pale. Mwenye ukuta huiweka ramani ya zamani kando ya jengo lenyewe. Iko, kwa mfano, ramani ya mwaka 1610 iliyochorwa na Manuel Godinho de Heredia, na nyingine zilizochorwa baadaye. Mtu akizilinganisha na mawe yalivyo leo, aweza kuona ni wapi palipoinuliwa, ni wapi palipozibwa, na ni wapi mchoraji alipochora jambo lililokusudiwa ambalo halikujengwa kamwe.

Kazi ya mwenye udongo ndiyo isiyoeleweka na wengi. Watu hudhani kwamba mchimbuzi hutafuta dhahabu. Anachotafuta hasa ni taka. Kila kizazi kilichokaa ngomeni kilitupa majivu, mifupa ya samaki, vyungu vilivyovunjika na bakuli zilizopasuka. Sakafu mpya ikajengwa juu yake, na ardhi ya ndani ikazidi kuinuka. Lililo chini ni la zamani kuliko lililo juu, ila pale mtu alipochimba shimo na kuyachanganya. Tena, tabaka la udongo haliwezi kuwa la zamani kuliko kitu kipya kabisa kilichozikwa ndani yake: wakionekana vigae mia vya karne ya 16 pamoja na kimoja tu cha karne ya 18, basi udongo ule ulimwagwa katika karne ya 18 au baadaye, na wale mia hawana la kusema. Ndiyo sababu mchimbuzi hufukua polepole kwa mwiko mdogo na brashi, na kuandika kila kitu mahali kilipoonekana, maana kitu kilichoondolewa mahali pake pasipo kuandikwa hakiwezi kutoa ushahidi tena.

Ngome ya Yesu ilikuwa na faida moja ambayo magofu mengi ya pwani hayana. Miaka ya mambo yake makubwa yajulikana katika karatasi: ilianzwa kujengwa mwaka 1593, ikatwaliwa na mfalme wa Mombasa 1631, ikaangukia mikononi mwa Waarabu wa Oman 1698. Kwa hiyo bakuli la Kichina lililozikwa chini ya kifusi cha miaka hiyo ni kama kalenda. Kigae cha namna ile ile kikiokotwa katika gofu ambalo halikuandikwa katika karatasi yo yote, mchimbuzi apata pa kuanzia hesabu yake.

Mambo ya kujengwa kwake hayana shida nyingi. Vasco da Gama alifika Mombasa mwaka 1498. Francisco de Almeida akauteka mji na kuuchoma mwaka 1505. Lakini Wareno hawakukaa Mombasa kwa nguvu mpaka nahodha wa Kituruki, Amir Ali Bey, alipowatia hofu kwa safari zake mbili za pwani baina ya 1585 na 1589. Hapo ndipo walipotaka ngome. Ramani ilitungwa na Giovanni Battista Cairati, mtu wa Milan, Italia, naye alikuwa fundi mkuu wa Wareno katika nchi za mashariki. Katika pembe zake nne aliweka maboma yaliyochomoza, yakapewa majina ya watakatifu Filipo, Alberto, Mathia na Matayo, ili askari wa pembe moja waweze kuulinda ukuta wa pembe nyingine kwa mizinga. Jina la Cairati limo katika vitabu vyote. Majina ya waliokata mawe ya matumbawe na kuchoma chokaa hayamo hata katika kimoja.

Lakini katika habari ya mwaka 1631 ndipo mashahidi wanapogombana hasa.

Mfalme wa Mombasa wakati huo alikuwa Yusuf bin Hasan. Baba yake, Sultani Hasan, aliuawa Rabai mwaka 1614, baada ya kukosana na kapiteni wa ngome, na Wareno ndio waliowapa watu wa huko mali ili wamwue. Mtoto alipelekwa Goa, akalelewa na mapadre wa Kiagostino, akabatizwa jina la Jeronimo, akajifunza kazi ya vita katika merikebu za Wareno, akaoa kwa Kikristo. Kisha akarudishwa Mombasa awe mfalme chini ya macho ya kapiteni. Yasemwa kwamba alionekana usiku akiomba kwa desturi ya Kiislamu penye kaburi la baba yake, na kwamba kapiteni, Pedro Leitão de Gamboa, alipoambiwa alikusudia kumkamata na kumrudisha Goa. Yusuf alipata habari. Tarehe 16 Agosti, 1631, aliingia ngomeni kana kwamba amekuja kumwamkia kapiteni, akamchoma kwa jambia. Watu wake wakaingia nyuma yake. Siku zilizofuata waliuawa Wareno wapatao 150, wanaume kwa wanawake na watoto, na pamoja nao Wakristo Waafrika waliokataa kuiacha dini yao.

Wareno walileta merikebu kutoka Goa mwanzo wa mwaka 1632, wakaizingira ngome kwa miezi, wakashindwa, wakaondoka. Walakini Yusuf naye hakukaa. Katika mwaka ule ule aliiacha ngome, akasafiri na chombo alichokiteka, akawa akipigana na Wareno baharini mpaka alipofariki mwaka 1638.

Basi, mtu huyu alikuwa nani? Mwandishi Mwingereza G. S. P. Freeman-Grenville alitoa kitabu mwaka 1980 chenye ushahidi uliotolewa kwa kiapo juu ya maasi yale. Ushahidi ule wasikitisha, nao una mambo madogo madogo ambayo mtu hawezi kuyatunga: nani alisimama wapi, nani alimshika mkono mwanawe. Lakini ulikusanywa kwa shabaha moja, nayo ni kuonyesha kwamba waliokufa walikufa kwa ajili ya imani. Hakuna aliyeapishwa aeleze jinsi Sultani Hasan alivyouawa Rabai, wala ni nini kijana hukumbuka akilelewa na jamaa ya waliomwua baba yake. Mauaji ya watoto hayana udhuru. Hata hivyo hakimu mwema asingeridhika na upande mmoja wa kesi.

Ukuta nao una neno lake. Juu ya lango la ngome liko jiwe lenye maandishi ya Kireno, nalo lamtaja kapiteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyepewa ukapiteni mwaka 1635 akiwa na umri wa miaka 27. Jiwe lajivuna kwamba aliwatiisha watu wa pwani waliomfuata mfalme mwasi, akaziadhibu Pate na Siyu na kubomoa kuta zao, akawaadhibu watu wa bara la Mombasa, akawaua wakubwa wa Pemba. Liliwekwa pale ili kila aingiaye atishike. Msomaji wa leo aona humo jambo ambalo kapiteni hakulikusudia: ikiwa ilibidi kuadhibu toka Siyu hata Pemba, basi kijana yule wa Goa hakuwa peke yake. Maandishi ya kumtukuza mshindi yamekuwa ushahidi wa upande wa walioshindwa.

Udongo waweza kuonyesha palipobomolewa na palipojengwa upya, lakini juu ya moyo wa Yusuf hauna neno. Kila shahidi ana mpaka wake.

Mzingiro mkubwa ulianza mwezi wa Machi, 1696, merikebu za Imamu Seif bin Sultan wa Oman zilipofika Mombasa. Ulidumu karibu miezi 33, na katika vitabu vya shule huelezwa kwa mistari miwili: Waarabu waliwazingira Wareno, Wareno wakashindwa. Profesa Boxer na waliomtangulia, kama yule mfanya biashara Mjerumani Justus Strandes aliyetoa kitabu chake mwaka 1899, walizisoma karatasi na kukuta jambo lililo kubwa zaidi. Ndani ya ngome Wareno walikuwa wachache tangu mwanzo. Waliojaa humo ni watu wa pwani, wake kwa waume na watoto, waliokimbilia ndani kwa sababu zao wenyewe na ugomvi wao wenyewe na watu wa Mombasa na Pate. Ugonjwa ukaingia, ukaua wengi kuliko risasi. Mwishoni mwa Agosti, 1697, kapiteni naye alikufa, na karibu Wareno wote walikuwa wamekwisha kufa kabla yake. Amri ya ngome ikashikwa na Bwana Daud wa Faza, pamoja na jamaa zake wachache, wanaume Waafrika wasiotimia kumi, na wanawake wa Kiafrika wapatao 50.

Bendera ya mfalme wa Ureno ilikuwa ikipepea juu ya ukuta, na waliokesha chini yake walikuwa watu wa Faza na wanawake hao. Walishika zamu mpaka merikebu za msaada zilipofika mwezi wa Septemba. Karatasi zimehifadhi majina ya makapiteni waliokufa kitandani. Za wanawake 50 zimehifadhi hesabu tu. Walikuwa watumwa, au wake, au waliofuata waume zao kutoka visiwani? Kalamu haikuona haja ya kuuliza.

Hapo ndipo mchimbuzi apatapo haki ya kusema. Katika machimbo ya pwani sehemu kubwa ya vigae si vya bakuli za China wala za Uajemi, bali ni vya vyungu vya udongo vya kienyeji, vyenye masizi, vya kupikia. Zamani waliochimba walivitupa, wakabaki na vile vinavyong'aa. Kirkman hakuvitupa, alivipanga kwa namna zake na tabaka zake, na waliomfuata walizidi kuvichungua. Chungu hakitaji jina la aliyekifinyanga wala aliyekipakulia. Lakini chaonyesha kwamba jikoni mwa ngome iitwayo ya Wareno mlipikwa kwa vyombo vya watu wa pwani.

Mzingiro ule uliacha pia shahidi chini ya maji. Santo António de Tanná, merikebu ya vita iliyoshushwa majini Bassein, India, mwaka 1681, ilikuja Mombasa kuleta msaada, ikazama mbele ya ngome tarehe 20 Oktoba, 1697. Wazamiaji wa Mombasa waliiona katika miaka ya 1960; na toka 1977 hata 1980 ilichimbuliwa na wataalamu wa mambo ya kale ya baharini wakiongozwa na Robin Piercy, pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Maelfu ya vitu yaliletwa juu: mizinga, mitungi, sahani, mbao zilizochongwa. Mbao iliyokaa baharini karne tatu haiwezi kuanikwa juani kama nguo. Hukauka ikapasuka na kuwa vumbi. Ilibidi vitu hivyo vitiwe katika maji na madawa kwa muda mrefu, na kazi hiyo ilifanywa katika chumba maalumu mle mle ngomeni. Gubi lenyewe la merikebu lilipimwa, likachorwa, kisha likafunikwa tena mchanga na kuachwa chini ya bahari, maana hapakuwa na mahali pa kulitunza juu ya nchi.

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Desemba, 1698, Waarabu wa Oman walipanda ukuta, na asubuhi kazi ikaisha. Siku chache baadaye merikebu za msaada zilitokea kutoka Goa, zikaona bendera ya Oman, zikageuka. Wareno walirudi kwa muda mfupi tu, 1728 hata 1729.

Toka hapo shahidi mwenye nguvu si karatasi ya Kireno tena bali kumbukumbu za wenyeji. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na kufariki mwaka 1947, aliandika kwa Kiarabu historia ya watu wa nasaba yake, waliotawala Mombasa mpaka 1837, Seyyid Said alipowaondoa. Alikusanya maandishi ya zamani na maneno ya wazee, na kitabu chake kilitolewa kwa Kiingereza mwaka 1995. Humo husimuliwa jinsi Ali bin Uthman alivyorudi kulipiza kisasi cha ndugu yake na kuipanda ngome usiku pamoja na watu wachache. Hapo zamani wanavyuoni wa Ulaya waliyaita mambo hayo hadithi. Lakini barua ya kapiteni ajiteteaye nayo ni hadithi. Tofauti ni kwamba imetiwa muhuri. Kadhalika mashairi ya Muyaka bin Haji yalihifadhiwa kwa juhudi ya Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyemsaidia mmisionari W. E. Taylor kuyaandika, mtu asiyeyajua hawezi kuelewa watu wa mji walisema nini katika siku za mwisho za Mazrui.

Wazee husimulia pia habari za Mwana Mkisi, malkia wa kale, na Shehe Mvita aliyemfuata, zamani kabla ya mzinga wa kwanza wa Kireno. Je, udongo waafiki kwamba mji ni wa kale hivyo? Mwaka 1976 yalianza kujengwa majengo mapya katika Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo iko katika kisiwa hicho hicho upande wa kaskazini wa Mji wa Kale, na vigae vikaonekana. Hamo Sassoon, aliyekuwa mtunzaji wa ngome baada ya Kirkman, akachimba hapo. Alikuta kwamba watu walikaa pale toka yapata mwaka 1000 hata mwanzo wa karne ya 16. Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 na kuwaona watu wakiosha miguu kabla ya kuingia msikitini, mji ulikuwa umekwisha kuwa na umri wa karne tatu. Jina la Mwana Mkisi halikuonekana ardhini, wala halikutazamiwa kuonekana. Lakini mahali pa kumweka pamepatikana.

Kazi hii sasa haifanywi na wageni peke yao. Dk. George Abungu, Mkenya, aliongoza uchunguzi wa mambo ya kale ya pwani kabla ya kuwa Mkurugenzi Mkuu wa Makumbusho ya Taifa, na Bwana Caesar Bita ameiendeleza kazi ya kuchunguza merikebu zilizozama. Mwaka 2011 UNESCO iliitia ngome katika orodha ya urithi wa dunia. Bahari haikutishwa na orodha hiyo. Mawimbi yaliendelea kuula mwamba chini ya msingi, mpaka Serikali ilipojenga ukuta wa kuyazuia.

Mgeni aingiaye makumbusho asipite upesi mbele ya kipande cha lipu kilichotolewa katika boma la Mtakatifu Matayo. Askari wa Kireno, wakiwa katika zamu na hawana kazi, waliichora kwa makaa na udongo mwekundu: merikebu, samaki, watu waliovaa mavazi ya chuma, na mahali pamoja kinyonga. Hakuna karatasi inayotaja nani aliyemchora kinyonga yule. Alimwona pengine ukutani, akamshangaa kama ashangaavyo mtu mgeni katika nchi, akatafuta kipande cha makaa.